MTI WA NOELI: WA SHAMBANI AU WA DUKANI?

Masomo ya kusomwa kwanza: Yeremia 10:1–5, Isaya 11:1–5, Warumi 14:1–12, 1 Wakorintho 10:23–33.



Majilio yakisha kuingia, wazee wa kanisa na walimu huanza kushauriana juu ya sikukuu ya Kuzaliwa kwake Bwana, na katika sharika nyingi neno moja hurudi kila mwaka: mti wa Noeli tuupate wapi? Wengine husema, Twendeni tukakate saipresi changa, kama walivyofanya baba zetu. Wengine husema, La, sasa mjini iko miti ya plastiki, nayo hukunjwa kama mwavuli; tununue mmoja tupumzike. Tena wako wa tatu wasemao ya kwamba mti wo wote ni sanamu, usiingie kanisani kamwe. Shauri hili dogo limepata kutenga watu. Mzee mmoja huacha kuja barazani, vijana hunung'unika, mama waliochanga fedha huona wamedharauliwa. Na siku ya Noeli watu waimba habari ya amani, huku wamenuniana. Kwa hiyo yafaa tulipime neno hili kwa utaratibu, kwanza kwa Maandiko, kisha kwa habari za kale, kisha kwa akili aliyotupa Mungu.

1. Je, Maandiko yakataza mti?

Wale wa tatu huleta Yeremia 10. Ni kweli, asomaye mistari ile kwa haraka hushtuka. Nabii asimulia mtu akataye mti msituni, fundi aufanyizaye kwa chombo chake, watu waupambao kwa fedha na dhahabu na kuukaza kwa misumari usitikisike. Msomaji hutazama pembe ya kanisa, akasema, Tazama, ndio huu! Lakini asifunge kitabu hapo. Nabii aendelea kueleza ni kitu gani hicho: ni kitu ambacho watu wakiogopa, wakitazamia kiwatendee mema au mabaya, wakakichukua kwa kuwa hakiwezi kwenda. Yaani, asema habari ya sanamu iliyochongwa ili iabudiwe. Basi kipimo tumepewa. Tuulizane: je, yuko mtu kwetu auogopaye mti wa Noeli? Yuko auombaye mvua au mtoto? Kama hayuko, neno la Yeremia halitupigi kwa mti huu. Labda latupiga kwa mambo mengine tunayoyaogopa kwa siri.

Walakini tusiwe wepesi mno. Katika nchi yetu iko miti iliyofanyiwa matambiko na wazee, na mtu aliyetoka katika nyumba ya namna hiyo, akabatizwa juzi, aweza kufadhaika moyoni akiona Wakristo wamekusanyika kuuzunguka mti wenye taa. Mtume Paulo atufundisha ya kwamba uhuru wetu usiwe kikwazo kwa ndugu aliye dhaifu. Mtu huyo asichekwe. Aelezwe kwa upole. Na kama bado aumia, ni heri usharika ukae mwaka mmoja pasipo mti kuliko kumpoteza ndugu aliyefiwa na Kristo.

Na kwa upande wa pili, hakuna Andiko liamrulo mti. Luka atupa habari za hori, za nguo za kitoto, za wachungaji wa makondeni, mti hautaji. Kwa hiyo tumo katika mambo ambayo baba wa Kanisa letu waliyaita mambo yasiyoamriwa wala kukatazwa na Neno la Mungu. Habari zake zimeandikwa katika Kanuni ya Mapatano ya mwaka 1577, sehemu ya kumi. Mafundisho yake kwa ufupi ni haya: kila usharika una uhuru wa kupanga desturi hizo kama ifaavyo mahali pake; uzipange kwa taratibu, pasipo upuzi na pasipo kuwakwaza watu; wala usharika mmoja usiuhukumu mwingine kwa kuwa desturi zao hazifanani. Lakini mtu akija kusema ya kwamba desturi ni ya lazima kwa wokovu, hapo ndipo tusimpe nafasi hata kidogo. Basi asemaye, Pasipo mti hakuna Noeli, amekosa. Na asemaye, Mwenye mti ni mpagani, amekosa vile vile.

2. Desturi hii ilitoka wapi?

Watu wengi wamefundishwa ya kwamba Dakta Martin Luther ndiye aliyewasha mishumaa juu ya mti kwanza, baada ya kuziona nyota kati ya misonobari usiku. Hadithi ni nzuri, lakini haina ushuhuda wo wote wa wakati wake. Iliimarishwa sana na picha ya Carl August Schwerdgeburth ya mwaka 1843, iliyomwonyesha Luther na jamaa yake mbele ya mti wenye mishumaa, karibu miaka 300 baada ya kufa kwake. Tusiwafundishe watoto hadithi kana kwamba ni habari ya kweli.

Habari zilizo hakika zaidi hutoka katika nchi ya Alsace, penye mto Rhine, ambayo leo ni sehemu ya Ufaransa. Mwaka 1521 mji wa Sélestat uliandika katika hesabu yake shilingi 4 zilizolipwa kwa walinzi wa msitu, ili wailinde miti siku ya Mtakatifu Tomaso, yaani tarehe 21 Desemba. Angalieni jambo hili: mojawapo ya habari za kwanza kabisa za mti wa Noeli ni habari ya kuulinda msitu usiharibiwe na washerehekeaji! Mwaka 1605 katika mji wa Strasbourg twaambiwa watu walisimamisha misonobari vyumbani mwao, wakaitundika mawaridi ya karatasi za rangi, matofaa, mikate myembamba na vitu vya sukari.

Kwa nini matofaa? Kwa sababu tarehe 24 Desemba ilikuwa siku ya kuwakumbuka Adamu na Hawa, na watu walionyesha kwa mchezo habari ya bustani ya Edeni, katikati pakiwa na mti mbichi wenye matunda. Wakati wa baridi miti mingi haikuwa na majani mabichi, lakini huo wa jamii ya misonobari ulikuwa nayo. Hivyo usiku ule watu waliuona mti ulioleta anguko, na asubuhi yake walisikia habari ya Mwana aliyekuja kulirudisha lililopotea. Kwa maana hiyo mti una fundisho, ukielezwa.

Wala msidhani ya kwamba Walutheri wote waliupokea kwa furaha. Mchungaji na mwalimu Johann Konrad Dannhauer wa Strasbourg, katika miaka ya 1640, aliuhesabu mti huo kati ya mambo madogo madogo ambayo watu huisherehekea Noeli kwayo kuliko kwa Neno la Mungu. Na mwaka 1851 Mchungaji Heinrich Schwan, katika usharika wake wa Kilutheri mjini Cleveland, Marekani, alisimamisha mti wenye mishumaa kanisani. Watu wa mji wakamlaumu kwamba ameleta ibada ya miti. Yeye akatafuta habari za desturi ile, akawaeleza watu, na baadaye wakaipokea. Basi magomvi yetu si mapya, wala dawa yake si mpya: kueleza kwa subira.

3. Habari za mti wa kutengenezwa

Wako wadhanio ya kwamba mti wa bandia ni uvumbuzi wa siku hizi. Sivyo. Katika karne ya 19 Wajerumani wenyewe walitengeneza miti ya manyoya ya bata bukini: waliyatia rangi ya kijani, wakayafunga kwa waya, wakazitia nyaya katika kijiti. Sababu mojawapo ni kwamba watu walikuwa wakikata vilele vya misonobari michanga, na mti uliokatwa kilele huharibika. Yaani mti wa bandia wa kwanza ulizaliwa kwa kuuhurumia msitu.

Mti wa leo ni kitu kingine. Wingi wake hufanywa China, kwa chuma na plastiki iitwayo PVC, ambayo asili yake ni mafuta ya ardhini na chumvi. Haiozi shambani. Ukiitupa kwenye jalala, wajukuu wako wataikuta. Ukiichoma moto, moshi wake una sumu inayochoma koo na mapafu. Kwa hiyo mtu asithubutu kuichoma karibu na nyumba wala karibu na watoto.

Na huko Ulaya mti wa kweli siku hizi kwa sehemu kubwa hautoki msituni. Hupandwa mashambani kama mazao mengine, ukatunzwa miaka 8 hata 12 kabla ya kukatwa, na mwingine hupandwa mahali pake. Mbegu nyingi za ule upendwao sana, uitwao Nordmann, huchumwa katika misitu ya nchi ya Georgia, karibu na mji wa Ambrolauri, na watu wapandao miti mirefu kwa hatari ili kuangusha matunda yake. Hivyo nyuma ya kila mti, wa shamba au wa kiwanda, iko jasho ya mtu tusiyemjua.

4. Tuipime miti hii miwili

(a) Kwa habari ya dunia aliyoiumba Mungu. Wenye elimu wamejaribu kuhesabu hewa ya ukaa inayotokana na kila mti, yaani hewa ile inayozidisha joto la dunia. Shirika la Carbon Trust la Uingereza lilipata ya kwamba mti wa plastiki wa urefu wa meta 2 una hesabu ya kilo 40 hivi. Mti wa kweli wa urefu ule ule, ukisagwa au ukichomwa kuni baada ya sikukuu, una kilo 3 na nusu. Lakini ukitupwa jalalani uoze, hesabu yake hufika kilo 16. Hesabu nyingine iliyofanywa Montreal, Kanada, mwaka 2009, ilionyesha ya kwamba mti wa plastiki sharti utumike miaka 20 ndipo uwe na madhara machache kuliko kununua mti wa kweli kila mwaka.

Hesabu hizo zilifanywa kwa nchi zenye mashamba ya miti ya Noeli, wala si kwa nchi yetu. Hata hivyo zatufundisha mambo mawili. Kwanza, ubaya wa mti wa plastiki hupungua kwa kuutunza, nao huzidi kwa kuubadili kila miaka miwili mitatu kwa kufuata mtindo wa duka. Pili, wema wa mti wa kweli wategemea umetoka wapi na umeishia wapi. Kilele cha mti mchanga kilichoibwa usiku katika msitu wa serikali au shamba la jirani si mti wa Noeli. Ni wizi uliopambwa kwa karatasi. Lakini saipresi iliyoondolewa shambani wakati wa kupunguza miti iliyosongamana, kwa ruhusa ya mwenyewe, haimharibii mtu kitu, na baada ya sikukuu hupika chakula.

(b) Kwa habari ya fedha. Fedha ya usharika ni sadaka. Imetoka katika kahawa, ndizi, mahindi na mayai ya watu maskini. Wazee wa kanisa waulize kwanza: mjane wetu amepata sabuni na unga wa Noeli? Mtoto yatima amelipiwa daftari za Januari? Kama hayo hayajafanyika, mti wa dukani ungoje. Na kama mtu ajitolea mwenyewe kuununua kwa fedha yake, ashukuriwe. Lakini asitangazwe sana, wasije wengine wakaanza kushindana kwa urefu wa miti.

(c) Kwa habari ya ishara. Mti uliokatwa una fundisho lake: wasimama mbichi siku chache, kisha majani yake huanguka. Watufundisha ya kwamba sisi sote ni kama majani, na Yeye aliyezaliwa Bethlehemu alikubali kuvaa mwili ufao. Mti wa plastiki haunyauki, lakini ni kwa sababu haukuwa hai kamwe. Siwezi kusema ni dhambi kuutumia; hata maua ya karatasi tumeyatumia miaka mingi. Lakini mwalimu aliye na watoto mbele yake ataona ya kwamba ni kazi ngumu kufundisha habari ya uzima kwa kitu kisichokuwa na uzima.

(d) Kwa habari ya hatari. Mti uliokatwa hukauka upesi katika joto la Desemba, na mti mkavu hushika moto kama petroli. Mishumaa isiwashwe juu yake. Tangu mwaka 1882, Edward Johnson alipoutia mti wake taa za umeme huko New York, iko njia iliyo salama zaidi. Na siku hizi taa ndogo za jua hupatikana hata vijijini. Plastiki nayo hushika moto. Waya zikaguliwe na mtu ajuaye, na zizimwe watu watokapo.

5. Majira ya kwao na majira ya kwetu

Hapa ndipo neno ambalo naona tumelisahau. Huko Ulaya Desemba ni wakati wa giza na baridi. Mashamba yamelala, miti mingi imepukutika, nao huleta nyumbani kitu kimoja kilicho kibichi, kwa kuwa nje vibichi ni vichache. Ishara ile yasema kwa nguvu kwao. Kwetu je? Desemba nje ni kibichi kila mahali. Mkakaya wachanua maua mekundu kama moto. Katika nyanda za Njombe, Iringa na Mbeya mvua zimeanza, na tangu Desemba hata Februari watu hupanda miche ya miti. Basi majira yao ni ya kukata. Majira yetu ni ya kupanda! Tukikata tu, tumeiga mkono wa jirani, tusiige moyo wake.

Isaya asema habari ya chipukizi litokalo katika shina la Yese. Shina lilikatwa, watu wakadhani limekwisha. Mungu akalitoa chipukizi. Je, kuna ishara gani ya Noeli iliyo bora kwetu kuliko mche mchanga, mbichi, wenye mizizi, uliopandwa katika debe na kuwekwa mbele ya madhabahu?

Wala wazo la kupanda si geni katika Kanisa letu. Huko Wittenberg, kuanzia mwaka 2009, makanisa ya nchi nyingi yalipanda miti katika bustani iitwayo Luthergarten, wakikusudia miti 500 kwa ukumbusho wa miaka 500 ya Matengenezo, na kila kanisa liliombwa kupanda mwenzake nyumbani kwake. Na huku Kilimanjaro, Askofu Fredrick Shoo, aliyepata kuwa Mkuu wa KKKT, amejulikana kwa jina la Askofu wa Miti kwa sababu ya bidii yake ya kuwahimiza watu kupanda.

6. Shauri langu

Mimi sitoi sheria. Natoa shauri, na kila usharika ulipime.

Kwanza: usharika ulio na mti wa plastiki tayari, usiutupe kwa kusoma makala hii. Uutunze kwa miaka mingi, uukunje vizuri, uufunike vumbi na panya. Kuutupa ili kununua kitu kizuri zaidi ni kuongeza hasara.

Pili: usharika usio na mti usikimbilie dukani wala msituni. Utafute mche: mtarakwa au podo, ambayo ni ya milima yetu tokea zamani, au saipresi mahali pasipopatikana hiyo. Waupande katika debe lenye matundu chini, waupambe kwa karatasi na mbegu za rangi zilizotungwa na watoto wa shule ya Jumapili. Mche wa kimo cha goti watosha. Mtoto wa Bethlehemu naye alikuwa mdogo.

Tatu: baada ya Epifania, tarehe 6 Januari, mche upandwe na wanafunzi wa kipaimara. Huko kusini mvua ingaliko, upandwe mara moja. Kilimanjaro na mahali pengine ambapo Januari na Februari ni kiangazi, ukae katika debe kivulini, umwagiwe maji, hata masika ianze Machi. Usipandwe karibu na ukuta wa kanisa, maana saipresi hurefuka sana, na mizizi yake haiheshimu msingi. Nyumba moja ipewe kazi ya kuutunza. Mche wa watu wote huliwa na mbuzi wa watu wote.

Nne: penye uwanja mpana, mti mmoja uliokwisha kukua uache hapo hapo nje, upambwe kila mwaka, na watu waimbe chini yake jioni ya tarehe 24. Haukatwi, haununuliwi, na wapita njia wasioingia kanisani watasikia Habari Njema.

Tano: mti uwe wa namna gani, usiachwe pasipo kuelezwa. Mwalimu asimame aseme habari za mti wa bustani, za chipukizi la Yese, na za mti wa Golgotha ambao Kristo aliichukua laana yetu juu yake. Mti usioelezwa ni pambo tu, hata ukiwa na mizizi.

Maswali kwa makundi ya kujifunza

1. Yeremia 10 yasema habari ya kitu gani, nasi leo twaogopa vitu gani kuliko Mungu?
2. Katika Warumi 14, Paulo awaonya nani: alaye, au asiyekula, au wote wawili? Maana yake ni nini kwa baraza letu?
3. Ni mambo gani mengine katika ibada yetu yasiyoamriwa wala kukatazwa? Je, tumeyafanya kuwa sheria?
4. Kwetu majira ya kupanda ni mwezi gani, na nani atautunza mche?
5. Fedha iliyotengwa kwa mapambo mwaka huu ni kiasi gani, na iliyotengwa kwa wajane ni kiasi gani?

Swali la tano lisomwe kwa sauti mbele ya mtunza hazina, na lijibiwe kabla ya kuendelea na mashauri mengine. Mwenyezi Mungu, aliyetupa Mwana wake pasipo bei, atupe roho ya kiasi na ya upendo, tuingie Noeli bila kununiana.